Mke wa Marehemu, Mgeni wa Nchi

Wiki iliyopita niliwaacha mlangoni mwa biro, ofisi ya serikali, vumbi la Katuba miguuni mwangu, cheti changu cha ndoa ya kanisa nimekifunga ndani ya kitambaa. Nilikuwa nimeambiwa kwamba mjane wa mwana wa Katanga hapati shida. Nikaingia nimenyoosha shingo.

Sikutoka hivyo. Lakini nitaeleza kwa mpango, maana hasira ikitangulia, maneno yanabaki nyuma.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Honorine. Nilizaliwa Kasai. Baba alinileta Lubumbashi kwa treni alipokuja kutafuta kazi, nami nilikuwa bado sijaota meno ya pili. Nilisoma kwa masista mpaka mwaka wa tano. Nikaolewa kanisani na Mwaba, Mubemba wa Kasenga, seremala. Mungu akatupa mtoto mmoja, Mujinga kwa jina la kwetu Kasai, aliyebatizwa Simone. Mwaba akafa kwa homa kabla ya uhuru.

Uhuru ukaja. Hata ngoma zake hazijapoa, wakubwa wakatangaza kwamba Katanga ni nchi peke yake. Nililala Mkongo, nikaamka mgeni jikoni kwangu.

Ndipo ikaja habari ya karte, kitambulisho kipya. Mwenye karte ni raia wa nchi mpya. Asiye nayo anapandishwa kamyo, lori la askari, mpaka kambi ya wakimbizi, chini ya askari wa ONU, wa Umoja wa Mataifa, na huko anangoja treni ya Kasai. Kasai ambako hakuna hata mbuzi anayenijua.

Basi. Nilisimama mbele ya meza.

Karani alikuwa Kabwe. Tunasali kanisa moja, yeye huimba sauti ya chini. Siku hiyo alinitazama kama mtu anayetazama gunia.

"Bwana yako alikufa?"

"Kabwe, wewe uliimba kwenye maziko yake."

"Jibu tu, mama. Alikufa?"

"Alikufa."

"Balikutosha mufu?"

Nikatazama ukutani. Msalaba wa Bwana ulikuwapo, na pembeni yake bendera mpya yenye misalaba ya shaba. Misalaba mingi namna hiyo, na mtu anauliza jambo kama hilo mbele ya watu!

Kwa asiyejua desturi za wakwe zangu: mume akifa, kivuli chake kinabaki juu ya mjane. Ili kimtoke, ndugu wa marehemu analala naye, kisha anamfunga shanga nyeupe. Huko ndiko kutosha mufu, yaani kumtoa mfu. Baada ya hapo ukoo umemwachilia, anaweza kurudi kwao.

"Hiyo inahusu nini karte?" nikauliza.

Pembeni ya Kabwe alikaa mzee wa mila, kofia yake juu ya goti. Ndiye aliyejibu.

"Bibi anafuata bwana. Bwana yako ni wa hapa. Lakini kama ukoo ulikuachilia, ulirudia kwenu. Kwenu ni wapi?"

"Nyuma ya soko ya Katuba, tata."

"Kwenu, mama."

Nikakikaza kifundo cha kitambaa changu.

"Kasai," mzee akasema, kama mtu anayetema kokwa.

"Na kama hawakunitosha?"

Kabwe akainua kichwa. "Basi ungali bibi ya Mwaba. Hata yeye iko mu kaburi, weye uko bibi yake. Bibi ya muntu ya Katanga iko muntu ya Katanga. Nagonga kashe," akagusa muhuri wake, "unaenda kupika."

"Na Mujinga wangu?"

"Kwetu mutoto anafuata mama," mzee akasema. "Mama akiwa wetu, mutoto wetu. Mama akiwa mugeni, mutoto mugeni."

"Amezaliwa hapa! Baba yake amezikwa hapa!"

"Kaburi haizale, mama."

Kaburi haizale. Neno hilo lilinichoma mpaka leo sijapata dawa yake. Lakini pale pale nikaanza kucheka, maana nilikuwa nimeona mlango.

Nilikataa kutoshwa mufu! Mwaba alipokufa niliwaambia wakwe zangu: nilifungwa kwenye altare ya kanisa, mume amekufa, altare imenifungua, hakuna mwanaume mwingine atakayenifungua. Walinitupia kiti changu nje. Mama mkwe aliingia kaburini bila kunisemesha. Sikupewa hata kikombe cha maji kwenye nyumba zao tangu siku ile. Na sasa lile walilonichukia ndilo linalonipa nchi.

"Hawakunitosha!" nikapaza sauti. "Kabwe, hawakunitosha!"

Mstari mzima ukageuka. Mama mmoja nyuma yangu akajipiga msalaba. "Yesu Maria, huyu anafurahia mufu kama anafurahia mutoto!"

Watu wakacheka. Hata Kabwe alificha kinywa.

"Leta muntu ya ukoo, aseme na kinywa yake," akaniambia. "Ijumaa. Ijumaa kamyo inakuja."

Muntu wa ukoo aliyebaki ni mmoja: Mulenga, mdogo wake Mwaba. Ni yeye aliyepaswa kunitosha mufu.

Jirani yangu Alima ndiye alinisindikiza. Ni fundi wa kushona, Mwislamu, watu wake walitoka Maniema zamani za babu zake. Naye alikuwa bado anatafuta karte yake. Tulishika njia ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi ulio jirani na Katuba, Mujinga katikati yetu. Nilimwambia mtoto, "Ukiulizwa jina, wewe ni Simone." Maana Mujinga ni jina la kwetu, na kwenye kizuizi ambacho vijana wa Katanga waliweka njiani jina kama hilo lilikuwa linavunja watu meno.

"Dada," Alima akasema, "kwetu bwana akifa unakaa eda. Eda inaisha, unaoga, unavaa, unatoka. Mungu hahitaji musaidizi."

"Kwetu wakristo vilevile. Waambie wao."

"Mi najua ile mufu yao. Inaonekana tu kwa wajane wenye nyama."

Nilitaka kumkemea kwa sababu ya mtoto, nikashindwa, nikacheka. Namshukuru Alima kwa kicheko hicho. Kilikuwa cha mwisho.

Mulenga anauza makala, mkaa wa kupikia. Tulimkuta uani anajaza magunia, mweusi mpaka kwenye kope. Mke wake, Brigitte, alikuwa anakoroga bukari, ndiyo ugali. Kwenye msumari mlangoni niliona shanga nyeupe zimening'inia, zimejaa vumbi la makala. Nilizijua. Ndizo zilizotayarishwa kwa ajili yangu. Mtu ametunza shanga miaka yote hiyo!

"Shemeki," nikasema, "nimekuja na ombi."

Hakusimama. "Mutu anakumbuka ukoo wakati nyumba inawaka."

"Nakuomba useme kweli tu mbele ya biro. Kwamba hamkunitosha mufu."

"Kweli!" Akatupa koleo. "Unataka kweli? Ndugu yangu anazunguka. Namuota, amesimama kwenye mulango, hasemi kitu. Mutoto yangu ya mwisho alikufa. Kazi yangu ya reli ilikufa. Juu ya nani? Juu yako, mwanamke ya masista! Ulimufunga ndugu yangu inje kama mbwa!"

Nitasema jambo moja kwa haki. Alikuwa analia. Machozi yalichora mistari juu ya makala. Mtu anayelia kwa kweli ni hatari kuliko mwongo, maana hajui kusimama.

"Mwaba amelala kwa Mungu," nikamwambia. "Nimemlipia misa kila mwaka. Hazunguki."

"Basi tumalize leo. Nikutoshe mufu. Ndugu yangu apumuzike, na weye upate karte yako."

Mungu anisamehe, nilimtazama kama mtu anayetazama panya kwenye unga.

"Mulenga, hujui hata mila yako. Ukinitosha unaniachilia. Ukiniachilia, mimi ni mtu wa Kasai. Karte inakufa. Ukitaka nibaki wa kwenu, usiniguse."

Akainama kuokota koleo.

Brigitte akaangua kicheko, mwiko mkononi. "Anakushinda na mila yako mwenyewe! Anakushinda, Mulenga! Enda useme kweli ku biro. Hukumutosha. Ao ulimutosha, mi nikiwa nalala?"

Brigitte hakunipenda. Lakini hakutaka bibi wa pili katika uwanja wake mdogo, na mwanamke anayelinda jiko lake namwelewa.

Mulenga alikaa juu ya gunia. Akatazama chini, kisha akamtazama Mujinga, aliyekuwa anachora ardhini kwa kipande cha makala. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Ile nyumba ya Katuba," akasema polepole, "ingali na jina ya ndugu yangu?"

"Ina jina lake. Na mtoto wake analala ndani."

"Muzuri." Akajifuta macho. "Nitakuja Ijumaa. Nitasema kweli. Kweli yote."

Njiani Alima akanishika mkono. "Dada, umesikia ile 'yote'?"

Nilisikia. Nimezoea kusikia. Lakini unapozama, hukagui kamba.

Ijumaa nilivaa nguo nyeusi ya misa. Uani kwa biro kamyo ilikuwa imeshafika, watu wamekaa juu na magodoro yao, na mama mmoja amepakata cherehani kama mtoto. Alima akabaki na Mujinga kwenye benchi nje.

Mulenga alikuja amenawa. Sikuwahi kumwona safi namna ile tangu harusi yangu. Shati jeupe, viatu. Brigitte alimfuata nyuma.

Akaapa chini ya msalaba.

"Mulimutosha ile mufu?" Kabwe akauliza.

"Hapana. Ukoo haukumutosha. Alikatala."

Kabwe akavuta muhuri. Akaupulizia pumzi. Niliona midomo yake inaandika jina langu kabla ya mkono wake. Nikasema moyoni, Bwana ni mchungaji wangu, sitapungukiwa na kitu.

"Lakini," Mulenga akasema.

Muhuri ukasimama hewani.

"Lakini Padri alimutosha."

"Padri gani?" mzee wa mila akauliza.

"Abe Laurent. Kisha ya misa ya maziko. Nilikuwa nasimama pale. Alimumwangia maji ya baraka, akasema kwa nguvu: Honorine, kifungo cha mauti kimekatika, uko huru. Na yeye akajibu Amina. Kanisa lote lilisikia. Kabwe, si ulikuwa unaimba?"

Kabwe akaweka muhuri chini.

Nikamgeukia Mulenga.

"Miaka yote hii ulisema maji yale si kitu! Ulisema mbele ya uwanja wako kwamba maji ya padri hayawezi hata kuosha sahani! Leo yamekuwa na nguvu kuliko mila ya baba yako?"

Akatabasamu. Jamani, tabasamu lile.

"Nimeamini, shemeki. Leo njo nimeamini."

Watu wakacheka tena. Katika nchi hii mpya watu wanacheka haraka sana, kwa sababu wanaogopa.

Mzee wa mila akakuna kidevu. "Maji yanayofungua, yanafungua. Kama aliachiliwa na padri, aliachiliwa."

"Muite padri," Kabwe akasema. Nadhani alitaka kunisaidia.

Parokia iko ng'ambo ya barabara. Abe Laurent akaja na kanzu yake imeshika tope chini. Ni mzaliwa wa Kasai kama mimi. Karte yake alikuwa ameipata juma lililopita, na tulikuwa tumefurahi. Ndiye aliyesimama mbele ya wakwe zangu siku ile ya maziko na kuwaambia: huyu ni binti wa Mungu, msimguse. Nilijenga maisha yangu juu ya neno lile.

Kabwe akamweleza. Akaongeza kwa sauti ndogo, "Abe, ukisema ile maji ilikuwa maji tu, mama anabaki. Ukisema ilimufungua, anapanda kamyo. Na mutoto."

Abe Laurent akanitazama. Akatazama dirishani, kwenye kamyo. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Ilikuwa maji tu," akasema.

Sikuamini. "Abe?"

"Ilikuwa desturi ya kumfariji mjane, Bwana Kabwe. Hakuna kifungo. Maji tu."

Kisha akanisogelea, akaninong'oneza kwa lugha ya kwetu, "Mwanangu, kaa hai."

Najua alifanya kwa upendo. Najua pia alifanya kwa woga. Vyote viwili vilikuwa ndani ya kanzu moja, na mimi vilinikata vyote viwili. Kama yale yalikuwa maji tu, basi nilitupiwa kiti kwa sababu gani? Nilikufa njaa mlangoni mwa wakwe kwa sababu gani? Nililala peke yangu na kuomba rozari, nikiamini niko huru, kumbe nilikuwa nimelowa tu?

"Mama," Kabwe akasema haraka, "unakubali na Padri? Sema ndiyo. Nagonga."

Ndiyo moja. Nilikuwa nayo kwenye ulimi, nilimfikiria Mujinga kwenye benchi, nikafungua kinywa.

Na ndipo nikaona mfuko wa shati la Mulenga.

Shanga nyeupe. Zimeoshwa. Zinang'aa.

Mtu anayekuja kushuhudia hachukui shanga. Nikaelewa kila kitu bila kuambiwa. Nikisema ndiyo, mimi ni bibi wa Mwaba, raia wa Katanga, na bibi wa ukoo analala katika ukoo. Karte ingeniingiza uwanjani kwa Mulenga kwa muhuri wa serikali, na jioni ile ile angenifunga zile shanga.

"Tata," nikamwuliza mzee wa mila, "nikipata karte kama bibi ya Mwaba, nitalala wapi?"

"Kwa ukoo yako, mama. Ungelala wapi?"

Mulenga akashika mfuko wake.

Nyuma yangu Brigitte akavuta pumzi. Naye alikuwa hajaziona.

Nikaenda mpaka ukutani. Nikaweka mkono juu ya msalaba, mbao zake zilikuwa za moto kwa jua la dirisha.

"Abe Laurent atajibu ya kwake mbele ya Mungu," nikasema. "Mimi najibu ya kwangu. Maji yale yalinifungua. Nilisema Amina, na leo nasema tena: Amina. Mimi si bibi ya maiti. Na bendera yenu ina misalaba ya bure!"

Hakuna aliyecheka.

Abe Laurent akakaa chini kwenye benchi la watu wa mstari, kama na yeye anangoja karte.

Kabwe akachukua muhuri mwingine. Akagonga. Akanipa karatasi bila kunitazama. MGENI. Mtu ninayemkopesha kitabu cha nyimbo!

"Twende, Mujinga," nikaita kwa mlango. Nilikuwa na hasira, lakini miguu ilikuwa myepesi. Nilisema, afadhali Kasai nisiyoijua na mtoto wangu, kuliko shanga.

"Na mutoto?" Mulenga akauliza.

"Anafuata mama," nikamjibu. "Mzee amesema. Kaburi haizale."

"Mzee alisema kwa mila." Mulenga alikuwa amesimama sasa, anaongea taratibu kama mtu aliyekariri. "Lakini shemeki amekatala mila hapa, mbele yetu wote. Amesema yeye iko muntu ya altare. Muzuri. Tumuhukumu na altare. Kabwe, ile cheti yake inasema nini? Kwa kanisa, mutoto iko ya nani?"

Kabwe akafungua kitambaa changu nilichokiacha mezani. Cheti changu mwenyewe! Nilichokileta kwa mikono yangu!

"Ya baba," akasema. "Jina ya baba."

"Na baba ni muntu ya wapi?"

"Katanga."

"Na baba akikufa, nani iko baba?"

Mzee wa mila akavaa kofia yake. "Ndugu yake," akasema. "Mutoto iko wetu. Andika."

Nilimshinda kwa mila yake. Akanishinda kwa kanisa langu. Na nyumba ya Katuba ina jina la Mwaba. Anayeshika mtoto wa Mwaba anashika nyumba. Ndiyo sababu alimtazama vile siku ile juu ya gunia. Nilifunga mlango mmoja kwa ufunguo, yeye alikuwa ameshasimama kwenye mwingine.

Nilipiga kelele. Sitawaandikia niliyosema, mengine nilishaungama. Abe Laurent aliinuka, akasema, "Jamani, huyu ni mama yake!" Mzee akamwambia, "Abe, weye si ulisema ni maji tu? Kaa." Akakaa.

Askari wakanishika mabega. Kabwe alikuwa anaandika karte mpya.

"Mujinga ni jina ya Kasai," akasema mzee. "Usiandike ile."

Akaandika: Simone Mwaba. Raia.

Basi nyumba yetu hatimaye ilipata raia. Alikuwa na miaka tisa, amesimama uani na karte mkononi, haelewi, na Mulenga amemshika mkono mwingine. Alikuwa anaita "Mama" kwa sauti ndogo, kama mtu anayeogopa kusumbua.

Walinipandisha kamyo. Nikapandisha mguu juu ya ubao niruke. Askari akainua bunduki.

Brigitte ndiye aliyekuja mbio. Alisimama chini ya kamyo, akajifanya ananirushia kitambaa changu, akanyoosha shingo. Macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira, na kwa mara ya kwanza hasira yake haikuwa kwangu.

"Usiruke, yaya." Hakuwahi kuniita yaya, dada mkubwa. "Mi sitaki mutoto yako, sitaki nyumba yako, sitaki ile shanga mu nyumba yangu. Nimeongea na Alima, atakuja na mutoto. Kamyo inapunguza mwendo kwenye reli. Angalia upande wa kushoto."

"Kwenye reli?"

"Kushoto. Omba Mungu wako, na weye unyamaze."

Kamyo ikanguruma. Mama wa cherehani akanivuta nikae. Nikageuka nimwone Mujinga, lakini vumbi lilikuwa limesimama kati yetu, na ndani ya vumbi sikuona tena Mulenga, wala Brigitte, wala benchi alilokalia Alima.

Nilishika rozari. Sikuweza kusali. Nilihesabu punje tu, kama mtoto anayejifunza.

Kamyo ikafika kwenye reli. Dereva akakanyaga breki, gurudumu la kwanza likapanda chuma, godoro la mtu likaniangukia miguuni. Nikalisukuma. Nikaangalia kushoto.

Alima alikuwapo. Alikuwa amesimama karibu kabisa na njia, amejifunika kikwembe mpaka kichwani, amefungua mikono yote miwili kunionyesha kwamba ni mitupu.

Alikuwa peke yake.